Wanaitikia "ndiyo mwalimu" lakini jaribio wanafeli. Nakosea wapi?

Tarajali_Chamwino:
Habari za jioni walimu na wazazi wa humu. Nasomea ualimu hapa Dodoma na sasa niko BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, wiki ya tatu, katika shule moja ya kata wilayani Chamwino. Nafundisha Kemia kidato cha tatu, darasa moja lina wanafunzi 74. Andalio la somo naandika kila siku, na msimamizi wa chuo alipokuja alinisifia sauti na mpangilio wa ubao.

Shida ni hii. Nafundisha asidi na besi dakika 40, nikiuliza "mmeelewa?" darasa zima linaitikia ndiyo mwalimu. Ijumaa nikawapa jaribio la maswali matano, yote tulishayafanya ubaoni. Waliovuka nusu ni 9 tu. Kuna binti amenakili swali kwa mwandiko mzuri sana, chini yake hakuandika kitu. Nilikaa na karatasi ile usiku, machozi yakanilenga.

Stafu wananiambia nimelegea, nishike fimbo. Sitaki kuanza hivyo. Nilidhani kulijua somo kunatosha. Mwalimu mzuri anafanya nini ambacho mimi sifanyi?

Mstaafu_Mpwapwa:
Mwanangu, pole na kazi. Nimeshika chaki miaka 34, na ningefurahi kama angekuwepo mtu wa kuniambia haya mapema.

Hilo swali la "mmeelewa?" liache kabisa. Mtoto wa huku kwetu amelelewa kumstahi mkubwa. Kukuambia hajaelewa, mbele ya wenzake, anaona ni kama kukuambia hujui kufundisha. Basi ataitikia tu. Badala yake uliza kitu chenye jibu: "Nikichanganya hivi viwili, nitapata nini?" Kisha nyamaza. Walimu wageni mnauogopa ukimya, sekunde mbili tu mmeshajijibu wenyewe. Vumilia, wape muda wa kufikiri, ndipo umtaje mmoja kwa jina.

Halafu kuna lugha. Hao wamesoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, sekondari wakakuta kila kitu Kiingereza. Wengi wao nyumbani ni Kigogo. Karatasi tupu ya yule binti huenda haisemi kwamba hajui asidi. Kaa naye umuulize swali lile lile kwa Kiswahili, usikie atakachojibu.

DadaTicha_Bahi:
Namuunga mkono mzee, hasa hapo kwenye lugha. Mimi huwaacha wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili dakika tatu, kisha tunatunga sentensi ya Kiingereza pamoja ubaoni. Mtihani wa taifa ni wa Kiingereza, kwa hiyo hatua hiyo ya pili usiiruke.

Na mdogo wangu, mada yako ina utamu usioutumia! Litmus, ile karatasi ya kupimia asidi na besi, huna? Nunua choya kavu (rozela) sokoni Majengo, loweka kwenye maji ya moto, upate maji mekundu. Gawanya kwenye vikombe viwili. Kimoja tia maji ya ubuyu, ndiyo asidi yako, wekundu utabaki. Kingine tia maji ya majivu yaliyochujwa, ndiyo besi, rangi itageuka kuelekea kijani. Waambie wabashiri kabla hujamimina. Mwanafunzi aliyebashiri atakodoa macho kuona kama amepatia.

Nguvu_Moja:
Wote mnabembeleza. Sisi tulichapwa na tukafaulu. Darasa la watu 74 bila fimbo ni soko.

Mstaafu_Mpwapwa:
@Nguvu_Moja ndugu yangu, hesabu na wale waliochapwa wakaacha shule. Tena kanuni zenyewe zinasema adhabu hiyo ni ya mkuu wa shule au aliyemwidhinisha kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na iandikwe kitabuni. Mwanachuo wa BTP haimhusu. Na kutoelewa si kosa la nidhamu.

Mzazi_Kongwa:
Mimi si mwalimu, nalima alizeti. Ila namkumbuka mwalimu wangu wa Hisabati: alirudisha madaftari kesho yake, kila mara, na pale nilipokosea aliandika mstari mmoja wa kunionyesha. Kwa ajili ya mstari ule nilikuwa nawahi shule.

Tarajali_Chamwino:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Narudi na mrejesho.

Leo nimeenda na choya. Nilipouliza nikanyamaza, ukimya ulikuwa mzito mno, nikashika meza nisijibu mwenyewe. Kijana wa nyuma kabisa akasema itakuwa nyeusi. Amekosa, lakini baada yake mikono ikaanza kunyooshwa.

Yule binti nilikuwa nimeshakaa naye mapumziko, nikamuuliza kwa Kiswahili. Maswali matatu kati ya matano alijibu vizuri kabisa. Na leo maji ya majivu yalipogeuza rangi, akanyoosha mkono: "Mwalimu, magadi tunayotia kwenye mlenda nayo ni besi?"

Sikumjibu. Nimemwambia kesho ayalete, tuyapime.