Wastaafu tunaoandika kila siku, tupeane uzoefu: wewe ulianzaje?

Kamwene wote. Nimesahihisha insha za watoto wa watu miaka 34, kalamu nyekundu mkononi. Nilipofikisha 60 nikakabidhi chaki, nikasema sasa zamu yangu. Mwezi wa kwanza nilikaa mbele ya kaunta buku hapa Kihesa, Iringa, kama mtahiniwa aliyesahau kila kitu. Sentensi moja naikata mara tano. Kumbe nilikuwa nasahihisha kabla sijaandika!

Nikatupa kalamu, nikachukua penseli. Nabandika maji ya chai jikoni, naanza. Yakichemka naacha, hata kama neno liko nusu, na kesho yake lile neno lililokatika ndilo linaloniamsha. Ya jana siyasomi mpaka Jumapili. Hata msibani niliandika, nyuma ya bahasha ya rambirambi (mke wangu hajanisamehe). Sasa namtungia mjukuu hadithi ya Gangilonga, lile jiwe kubwa la hapa Iringa. Jina lenyewe kwa Kihehe ni jiwe linalosema, basi nimeliacha liseme: linalalamika watu wanalipanda kila jioni kutazama mji na hakuna hata mmoja anayelisalimia.

Haya, wenzangu?

*Mstaafu wa reli, Mbeya*
Mwalimu, mimi insha zilinishinda tangu shule. Nilichokuwa nacho ni steshini. Reli ya TAZARA ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, na nimeipita zaidi ya nilivyopita mlango wa kwangu. Nikajipangia steshini moja kwa siku. Nilikwenda vizuri mpaka Mlimba. Kutoka hapo kupanda Makambako kulinichukua wiki tatu, maana mahandaki na madaraja ni mengi na kila moja lina kisa chake.

Ya kweli yalipoisha nikaanza kutunga. Kuna abiria alipanda Ifakara na kuku mmoja, anakwenda Tunduma. Mpaka leo hajafika. Chimala kateremka kununua mchele, treni ikamwacha, kuku akaendelea na safari. Mama watoto kila asubuhi ananiuliza, "Yule wa kuku kafika wapi?" Nisipoandika sina cha kumjibu, na yeye ndiye anayeshika sufuria.

*Nesi mstaafu, Mafinga*
Shikamooni wakubwa. Mwili wangu bado uko zamu ya usiku. Saa tisa macho makavu, basi navaa sweta mbili naandika hadi jogoo.

Nilianza na wagonjwa niliowahudumia. Siku moja binti yangu akachungulia, akasema, "Mama, huyu si yule mama anayeuza viazi sokoni?" Nilishikwa na aibu, nikaichana ile karatasi. Siri ya mgonjwa haistaafu. Tangu hapo nabadili jina, kijiji, ugonjwa, na aliyekuwa mama namfanya baba. Ajabu ni kwamba hapo ndipo hadithi zilipopata uhai. Yule mama nilimjua mwanzo mwisho, lakini huyu baba ananishangaza kila usiku. Juzi kakataa kulazwa, mimi nilishampangia kitanda!

*Mzee wa Njombe*
Niseme ukweli, mimi nimeshindwa. Kiinua mgongo kilipotoka nilinunua kompyuta, meza na kiti cha kuzunguka. Kompyuta iko chuoni na kijana, kiti anatagia kuku. Na baridi hii ya Julai, alfajiri vidole havikunjiki. Mnaandikaje?

*Mwalimu*
Mzee mwenzangu, nani alikuambia lazima iwe alfajiri? Toka nje saa saba mchana, kaa juani. Na meza achana nayo, weka daftari gotini.

*Mkulima, Tukuyu*
Shikamoo mwalimu. Mimi ni ubeti mmoja tu kwa siku, tarbia: mishororo minne, mizani (silabi) 16 kila mshororo, nane kwa nane. Nahesabu kwa vidole huku napalilia migomba. Ukitimia nauimba kwenye simu usije ukanitoroka, jioni naunakili. Karatasi nazihifadhi darini juu ya jiko, la sivyo unyevu wa huku unazigeuza uji. Siku mbaya ubeti unakuwa mbovu, lakini mizani imetimia na nalala. Wa leo huu:

Mvua huku Tukuyuni, leo tena imefika,
Jembe langu uvunguni, limelala limechoka,
Nami niko barazani, ubeti nauandika,
Bibi auliza ndani, nani kuni atasaka?

*Mstaafu wa reli, Mbeya*
Nimemsomea mama watoto. Anasema kuni zije kwanza, shairi baadaye, na hata yule wa kuku anaweza kusubiri hapo Chimala.