Walimu watatu wa taichi hapa L'shi: niwaulize nini juu ya walikotoka?

Kijana_Kampemba:
Bapapa, bayaya, jambo. Hapa Lubumbashi nimepata watu watatu wanaofundisha taichi, ile sanaa ya Kichina ya miondoko ya polepole. Mmoja ni metre (mwalimu) wa karate, mkanda mweusi, taichi ameiongeza baadaye. Wa pili ni kine (mtaalamu wa tiba ya viungo) wa hospitali, anafundisha wazee. Wa tatu ni Mchina wa kampuni ya migodi, anafanya Jumapili asubuhi. Kila mmoja anasema yake ndiyo ya kweli. Anayetaka kuanza ni mama yangu, ana miaka 61 na goti la kulia linamsumbua, mimi nitamfuata. Niulize nini kabla ya kulipa mwezi?

Papa_Katuba:
Mwanangu, hiyo "ya kweli" achana nayo. Hata wakubwa hawakupita njia moja. Yang Luchan (1799–1872), mwanzilishi wa mtindo wa Yang, alijifunzia kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, kwa Chen Changxing, kisha akaenda kufundisha Beijing. Sun Lutang alikuwa tayari bingwa wa xingyi na bagua, sanaa nyingine za kupigana za China, alipoingia taichi. Ndiyo maana katika mtindo wake mguu mmoja ukienda, wa pili unaufuata papo hapo. Zheng Manqing alikuwa mchoraji na tabibu, akaupunguza mfululizo mrefu wa Yang ukabaki na miondoko 37. Alikotoka mwalimu panakuambia jicho lake litaona nini kwako, na nini litakipita.

Metre wa karate ana miguu na nidhamu. Mwangalie goti la nyuma. Karate inamzoesha kulinyoosha kabisa na kusimama akiwa ameshuka chini. Taichi inataka libaki na mkunjo kidogo, uzito kama asilimia 70 mbele na 30 nyuma, kwa mtindo wa Yang. Angalia pia visigino: vikiwa kwenye mstari mmoja mwili unayumba, viachane kwa upana wa mabega hivi. Kikubwa zaidi ni kugeuka. Akizungusha mwili huku uzito wote umekaa juu ya mguu ambao unyayo wake haujageuka, goti ndilo linalosokotwa. Inavyotakiwa: rudisha uzito nyuma, fungua vidole vya mguu wa mbele kama digrii 45, ndipo uhamie juu yake. Asiyekusahihisha hapo usimpelekee mama.

Huyo Mchina muulize alijifunza wapi, kwa heshima. Mfululizo wa miondoko 24 ulitungwa mwaka 1956 chini ya kamisheni ya michezo ya serikali ya China, unachukua dakika 5 au 6, na wengi huko wanaupata kwenye somo la michezo chuoni. Kuwa Mchina si diploma. Lakini kama alikulia kwa mwalimu wa familia, miaka na miaka, na anajua kusukumana mikono (zoezi la taichi la watu wawili), basi huyo hapatikani mara mbili mji huu.

Yaya_Ruashi:
Naongeza la makaratasi. Taichi ya zamani haina mikanda. China ina ngazi tisa zinazoitwa duan: 1 hadi 3 za chini, 4 hadi 6 za kati, 7 hadi 9 za juu. Anayejitangaza "mkanda mweusi wa taichi" amechukua desturi ya karate au ya klabu fulani. Si kosa, ila muulize nani aliutoa. Maswali yangu ni manne tu: nani alikufundisha, ulikaa kwake muda gani, nani anakusahihisha siku hizi, na kusukumana mikono ulijifunza na nani? Akijibu "video" kwa yote manne, bei yake iwe ya video.

Kijana_Kampemba:
Asante yaya, asante papa. Kwa hiyo kwa goti la mama, kine?

Metre_Kamalondo:
Kwa kuanzia, ndiyo, mdogo wangu. Wengi wa njia hiyo walisomea mwili kwanza, taichi wakaipata kwa mafunzo mafupi. Watakuwa na miondoko michache, pengine minane, na kusukumana mikono hamna. Kwa mama inatosha. Mkaangalie somo moja bila kulipa: je, anauliza kuhusu magonjwa kabla ya kuanza? Ana kiti pembeni cha kushika? Anawaacha wasimame bila kushuka chini sana, goti lisipite vidole vya mguu na lisiangukie ndani? Mwanzoni mama afanye dakika 15 tu, zinatosha, viatu vya soli bapa, na msimu wa baridi huu mama apashe viungo ndani kwanza kabla ya kutoka uani. Maumivu ya paja ni kazi. Maumivu ndani ya goti, aache siku hiyo hiyo.

Wewe nenda kwa Mchina ukishapata majibu ya yaya. Si lazima msome kwa mtu mmoja.