Tupeane uzoefu: sakafu ya stoo iinuliwe kiasi gani mahali penye mvua nyingi?

Wadau, ninajiandaa kujenga stoo ndogo nyuma ya nyumba hapa Tanga, ya kuwekea mahindi, saruji na zana za shamba. Fundi anasema kozi (safu) moja ya tofali juu ya ardhi inatosha, jirani anashikilia mbili. Tofali la inchi 6 likisimamishwa lina kimo cha inchi 9, yaani sentimita 23 hivi, kwa hiyo mabishano yao yana gharama ya kifusi ndani yake. Ningependa kusikia mlipima kwa kuangalia nini.

Kutoka Bukoba
Huku mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, lakini si maji yanayotiririka yanayotusumbua zaidi. Matone yanayoanguka kutoka kwenye bati huchimba ardhi na kurusha tope ukutani. Mzee aliyetujengea alikataa kutaja kimo chochote mpaka alipokwenda kuangalia ukuta wa jiko la zamani, akapima alama ya juu kabisa ya tope, ambayo ilikaribia sentimita 30, kisha akaweka sakafu juu kidogo ya hapo. Pia aliitokeza bati nje ya ukuta na kumwaga kokoto mahali matone yanapoangukia, na nadhani hizo kokoto zimesaidia kuliko kozi nzima ya tofali.

Kutoka Dar es Salaam
Msipime kutoka ardhi mnayoiona leo. Mtaani kwetu kila barabara inapoharibika huongezwa kifusi, greda likasambaza, na stoo ya jirani iliyokuwa juu ya njia sasa inapokea maji ya njia. Pimeni kutoka usawa wa barabara, kisha ongezeni. Aliye bondeni ni habari nyingine: baada ya mafuriko ya Desemba 2011 alama za maji zilibaki kwenye kuta za nyumba nyingi kando ya Mto Msimbazi, na mahali pa namna hiyo hakuna kimo cha msingi kinachofaa kwa stoo, tafuteni sehemu nyingine.

Kutoka Ahero, Kenya
Udongo wetu mweusi huvimba ukilowa na kupasuka wakati wa kiangazi, hivyo sakafu huweza kuinuka upande mmoja hata ikiwa juu vya kutosha. Uondoeni, mjaze moramu, mshindilie kwa matabaka ya sentimita 15.

Kutoka Tukuyu
Ndugu zangu, mbona hamjataja mlango? Ninahifadhi mahindi na viazi, na kila gunia huingia kwa toroli. Ili toroli lipande bila kumchosha mtu, kila sentimita 10 za kimo zinahitaji mita moja ya mteremko, kwa hiyo kozi mbili zitadai njia ya mita 4 na nusu, ambayo viwanja vingi havina. Kaka wa Tanga, mimi ningebaki kwenye sentimita 30 na kutumia fedha iliyobaki kuchimba mtaro upande wa juu. Tandika pia nailoni nzito chini ya jamvi (zege la sakafu), maana zege hupitisha unyevu wa ardhini hata lisipokuwa na ufa, na mahindi yaliyokaushwa vizuri hadi unyevu wa asilimia 13 hunyonya tena unyevu huo, hapo ukungu wa sumukuvu unapata nafasi. Magunia na saruji vikae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Mwenye swali
Nashukuru sana, dada. Kiwanja changu kinashuka kuelekea nyuma. Hizo sentimita 30 zianzie pembe ipi?

Kutoka Bukoba
Pembe iliyo juu kuliko zote, kaka. Weka alama hapo, ihamishie pembe nyingine kwa mpira wa levo uliojazwa maji bila mapovu, na upande wa chini ukubali kuongeza kozi.