Maji ya tangi la samaki: pipa la buluu, tangi jeusi au mitungi?

MtuWaTudor: Assalaam aleikum jamaa. Nimefunga mashine ya kuchuja maji (RO) jikoni, sasa nataka pa kuyaweka. Sokoni Kongowea, hapa Mombasa, nimeona pipa la buluu lililotumika, bei nafuu. Dukani kuna tangi jeusi jipya, ghali kidogo. Au nijaze tu mitungi ya lita 20? Nanunua Jumamosi.

Kasa: Samaki wa baharini au wa maji baridi? Tangi lita ngapi? Hujasema hata moja, ujibiwe nini?

BintiKisauni: Na waishi chini au ghorofani? Lita 100 ni kilo 100 hizo. Mimi ni mitungi tu, miaka yote. Ukiharibika mmoja, mingine salama.

Pweza: Hilo pipa lilibeba nini? Muuzaji atakwambia juisi. Wote husema juisi. Ukinusa ukapata sabuni au mafuta, liache, plastiki hunywa harufu. Na ile pembetatu yenye namba 2 hapo chini yakwambia ni plastiki gani tu, haikwambii lilitiwa nini.

WaMajengo: Ngojeni niwape langu. Langu lilikuwa tangi jipya, jeusi, safi kabisa. Nikaona uvivu wa kuchota kwa kopo, nikamwita fundi akalitoboa chini akatia koki ya shaba. Nikaenda Lamu wiki mbili, maji yamelala mle. Kurudi, tangi la samaki limekauka vidole viwili, nikajazia. Asubuhi kamba wote wamelala ubavu. Jioni konokono wakaachia kioo, mmoja mmoja. Samaki wao waogelea kama hawana habari! Nikalaumu chakula, nikamlaumu mtoto wa dadangu kwamba katia mkono wenye sabuni, kumbe maskini hana kosa. Akaja mzee mmoja mfugaji, samaki hata hakuwatazama, akatazama koki. Akanambia maji ya RO karibu hayana madini, tena hunyonya kaboni dioksidi ya hewani yakawa na uasidi kidogo, kwa hivyo yakilala kwenye shaba huila. Kamba na konokono hawaiwezi shaba, samaki huhimili zaidi. Na koki ya plastiki ilikuwa rahisi kuliko ile!

Kasa: Pole ndugu yangu. MtuWaTudor bado hajajibu.

MtuWaTudor: Kumradhi, nilikuwa kazini. Ghorofa ya tatu. Tangi lita 120, samaki wa baharini. Maji haya ni ya kujazia yanayokauka tu.

Kasa: Ungesema mapema! Yakaukayo ni maji, chumvi yabaki, ndiyo maana wajazia yasiyo na chumvi. Mitungi miwili mipya yakutosha. Pipa la nini?

Nahodha: Mimi sielewi. Waishi kisiwani, bahari hii hapa, na chumvi wanunua dukani? Teka maji.

Pweza: Ateke wapi, hori la Tudor? Maji taka ya mji yaingia mle. Labda Nyali, maji yakijaa, na si siku ya mvua.

Nahodha: Babu yangu kaogelea Tudor mpaka miaka tisini.

Pweza: Babu yako si matumbawe.

BintiKisauni: Na mashine hizo, lita moja safi yamwaga tatu au nne. Sisi huku twangoja mkokoteni.

MtuWaTudor: Simwagi dada, yaenda chooni na kufulia.

MamaZ: Kifuniko, wanangu! Mmesahau chikungunya, ile homa ya mbu ya kuumiza viungo, ya mwisho wa 2017? Mbu yule hutaga kwenye maji safi ya nyumbani. Goti langu la kushoto mpaka leo. Na mitungi ya njano hupitisha mwanga, maji hugeuka kijani. Weka chini ya sinki.

WaMajengo: Chini ya sinki si ndiko kwenye dawa za kufulia?

MamaZ: Kwako labda.

MtuWaTudor: Leo nimepita Kongowea, pipa limeuzwa. Nimechukua mitungi miwili, japo lile tangi jeusi bado lanivuta. Taabu nyingine: mamangu ameanza kupikia chai maji ya samaki. Asema ule utando wa juu umetoweka. Mtungi wa kwanza haukufika jioni.

Nahodha: Chai ya maziwa au strungi?