Mkaguzi ameandika sifuati andalio la somo, nitie sahihi fomu yake?

Hamjambo walimu wenzangu. Naombeni ushauri, hasa nyinyi mliokaa kazini miaka mingi.

Nafundisha gredi ya 4 shule ya msingi ya umma huku Kisauni, Mombasa, darasa la watoto 67. Wiki jana wakaguzi walikuja bila taarifa. Mmoja akaketi nyuma na faili zangu. Andalio la siku hiyo lilisema tujumlishe sehemu, lakini jana yake nilikuwa nimeona watoto hawajui hata nusu na robo ipi kubwa. Basi nikarudi nyuma, nikakata chapati mbele yao. (Walielewa, na chapati ikaliwa.) Yeye akaandika: "Mwalimu hafuati andalio." Hakuniuliza neno.

Tangu hapo mwalimu mkuu ananipitia kila asubuhi, na anataka picha za maandalio ya siku kwenye WhatsApp kabla ya saa mbili. Madaftari ya watoto sasa nayasahihisha usiku.

Nimezungumza na naibu, akaniambia nivumilie tu, yatapita. Lakini TPAD, ile tathmini ya utendaji kazi wa walimu, imekaribia, na mwalimu mkuu ana usemi kwenye alama zangu.

Maswali yangu ni mawili. Fomu ya mkaguzi naambiwa niitie sahihi: naweza kuandika maelezo yangu hapo kwanza, au nitaonekana mkaidi? Na nikibadilisha somo njiani, nyinyi huandika nini kwenye rekodi ya kazi ili isinigeukie?

Ahsanteni.