Tulilipia kilo 4 za mbuzi Marangu, tukaletewa shingo

Wakuu salaam.

Jambo hili linanikaa rohoni tangu tarehe 27 Desemba. Nilisema nitasubiri hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka, naandika hivyo hivyo.

Jina la mgahawa silitaji. Ni wa Marangu, Kilimanjaro, na kwa Wachagga wanaopanda nyumbani kila Desemba una sifa kubwa. Ukimuuliza dereva wa Noah pale Himo njia panda wapi utapata mbuzi mzuri huko juu, atakutajia huo kabla hujamaliza swali.

Naanza na uzuri wake, kwa sababu ndio unaoniuma zaidi. Machi mwaka jana nilipita pale siku ya Jumatano, niko peke yangu, natoka kuangalia kihamba, shamba letu la migomba la ukoo. Dirisha la bucha lilikuwa wazi, mbuzi ananing'inia. Kijana akaniuliza, "Kaka, paja au mbavu?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akakata, akaweka kwenye mizani, mshale ukapita kilo, akapunguza kipande mbele ya macho yangu mpaka ikakaa sawa. Nyama ikaja imechomwa kwa moto wa taratibu, ngozi ya nje kavu, ndani majimaji. Mtori wao siku ile ulikuwa mtori kweli: ndizi mshare zimepondwa zikalainika, mafuta ya mfupa yanang'aa juu, chumvi ya kiasi. Nilimpigia mama simu nikiwa bado mezani, nikamwambia Desemba nitakuleta hapa.

Mama ana miaka 78. Kitongoji chetu, mwanamke akijifungua, yeye ndiye aliyekuwa anaitwa kumpikia mzazi mtori. Kula kwenye migahawa hapendi, anasema chakula cha hoteli hakina mwenyewe. Nilimbembeleza miezi tisa.

Wiki moja kabla nikapiga simu, nikasema tuko watu 11, wamo wazee watatu, tunaomba meza ya chini ili mama asipande ngazi. Wakaniambia nitume 50,000 ya kushikia nafasi. Nikatuma kwa M-Pesa, ujumbe ninao mpaka leo.

Tumefika saa 7 mchana na Noah mbili. Meza haipo. Dada wa mapokezi anageuza daftari kurasa, hatuoni. Nikamwonyesha ujumbe wa malipo, akasema aliyepokea simu hayupo zamu. Tukasimama kwenye maegesho kama dakika 40, mama kaegemea mlango wa gari, mpaka wakatuunganishia meza mbili karibu na choo. Nikanyamaza. Nilijua ni sikukuu.

Nikaenda dirishani kuchagua nyama kama nilivyofanya Machi. Dirisha limefunikwa pazia. Pazia la kitenge, limepigiliwa misumari juu. Nikauliza, nikajibiwa, "Kaka, kipindi hiki agizeni mezani tu, nyama tunapima sisi." Mizani nikaiona kwa upenyo wa pazia, imegeuziwa ukutani.

Tukaagiza kilo 4, tukasema paja na mbavu. Mtori bakuli 5. Machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, sinia 2. Soda 11.

Sasa sikilizeni hapa. Saa 8 na nusu ikaingia V8 nyeupe, nyuma yake nyingine. Watu kama 9. Sina ugomvi nao, walikuja kula kama sisi. Lakini mhudumu aliyekuwa ametuambia "vumilieni kidogo, nyama iko motoni" alitoka mbio kuwafungulia milango ya gari. Wakapewa meza ya bustanini ambayo tulipofika tuliambiwa imeshikwa. Saa 9 na dakika chache nyama iko mbele yao, imepangwa kwenye ubao, paja zima. Sisi tumekaa tangu saa 7 na dakika 40, mezani hakuna hata kachumbari. Mtoto wa dada yangu wa miaka 5 amelala juu ya meza. Nikamwita mhudumu, nikamuuliza kwa upole, mdogo wangu, wale wameagiza saa ngapi? Akaniambia wale waliagiza kwa simu. Na sisi je? Hakujibu, akaondoka.

Chakula chetu kimefika saa 10 kasoro robo.

Mtori ulitangulia. Juu umeshika ngozi, kama uji uliosahaulika. Mama akaisogeza kwa kijiko, akachota, akaonja mara moja, akaweka kijiko pembeni ya bakuli. Hakusema kitu. Nikaonja wangu: umeungua chini, mtu akakwangua sufuria akakoroga, akaongeza maji, halafu ukaona mwepesi akatia unga. Vipande vyeusi vya ukoko vinaonekana. Mama alipoulizwa na mjukuu mbona huli, alisema ameshiba. Tangu chai ya asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni.

Halafu nyama. Baba mdogo wangu ameuza nyama buchani Manzese zaidi ya miaka 30. Alipoletewa sinia hakula, alianza kupanga mifupa. Alivitenga vipande kimoja kimoja kwenye sahani tupu: pingili za shingo, pingili za shingo, vipande viwili vya ubavu, kongoro moja. Paja hamna. Akamwita mhudumu, akamwambia, "Mwanangu, mbuzi akichomwa anapungua, robo au hata theluthi inaondoka na maji na mafuta, hilo nalijua kuliko wewe. Ila moto hauwezi kugeuza paja likawa shingo. Paja letu liko wapi?" Yule kijana akaangalia chini. Nadhani hata yeye alijua lilipo, kwa sababu sote tulikuwa tunaliona kule bustanini.

Mzee alikadiria tulichopewa kilikuwa kilo 2 na nusu mbichi, si zaidi. Namwamini. Mtu aliyekata nyama miaka yote hiyo mkono wake ni mizani.

Machalari yalikuwa mazuri, niseme haki. Ndizi zimeiva vizuri, nyama laini. Aliyepika machalari yale anaijua kazi yake, na ndiyo maana nasema hapa tatizo si kupika.

Bili ikaja kwenye kipande cha karatasi, imeandikwa kwa kalamu. Nyama 80,000. Mtori 20,000. Machalari 30,000. Soda 11,000. Chini kabisa: "huduma ya sikukuu 10,000". Jumla 151,000. Ile 50,000 haimo, kana kwamba sikutuma. Nikatoa simu tena, wakaikata. Hiyo huduma ya sikukuu nikakataa kuilipa, nikauliza huduma ipi. Wakaiondoa haraka haraka bila kubisha, na hilo likanionyesha kwamba wanaijua si halali, wanabahatisha tu kwa asiyesoma bili.

Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mashine haina mtandao. Meza ya jirani nao waliambiwa hivyo hivyo. Sote tumekuwa tukisikia "ukinunua dai risiti", haya, nimedai, nimeambiwa mtandao. Meneja, naye akasema nimwachie namba atanitumia picha ya risiti kesho yake. Leo ni wiki ya tatu.

Kwenye gari tukishuka, ukungu umeshaanza kuingia barabarani, mama akasema kitu kimoja tu: "Mwanangu, hela hiyo tungenunua mbuzi wetu." Hakusema kwa kulaumu. Ndiyo maana iliniuma.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu yote, ahsanteni. Naona tumegawanyika. Kuna wanaosema nimewaonea, wao wanakula pale miaka yote na hawajawahi kukosewa. Mmoja nikamuuliza ulienda lini, akajibu Juni, siku ya kazi. Mwingine ni mwongoza watalii, anasema akishusha wageni kutoka mlimani wanahudumiwa ndani ya nusu saa, na yeye mwenyewe anakula bure. Naamini kila neno. Mimi mwenyewe ningeandika sifa hizo hizo Machi. Lakini angalieni nani anasifia na nani analalamika: aliyekuja siku tulivu, aliyekuja na wageni wa kigeni, aliyekuja na gari kubwa, hao wanasifia. Familia zilizokuja na Noah au daladala kati ya tarehe 23 na mwaka mpya ndizo zilizojaa humu na hadithi ya pazia. Mdau wa Rombo alienda Krismasi yenyewe, naye ameitaja rangi ya pazia lile lile la kitenge kabla mimi sijaitaja.

Na nyie mnaosema "Desemba vumilia, watu ni wengi": Wachagga kupanda nyumbani Desemba si jambo la kushtukiza. Wamepanda kabla mimi sijazaliwa. Mgahawa una miezi 11 ya kujiandaa. Kama jiko linaweza watu 60, pokea 60, wa 61 mwambie mlangoni kwamba leo haiwezekani, tutakushukuru na tutaenda kula ndizi choma pale Marangu Mtoni. Kuwapokea wote, kuchukua hela za kushikia nafasi za watu wote, halafu kuchagua nani apewe nyama yake na nani apewe mabaki ya mwenzie, huo si wingi wa watu. Ni uamuzi ambao mtu mzima ameufanya akijua.

Aliyenishauri niende Wakala wa Vipimo, nimekuelewa, nitaenda Moshi mjini wiki hii na ile karatasi yao ya bili. Aliyenishauri nimwachie Mungu, samahani, hapana.

Mwenye mgahawa najua unasoma, kwa sababu meneja wako amenipigia jana akiniomba nifute. Sifuti. Sitaki hela, wala chakula cha bure ulichoniahidi. Toa lile pazia, mizani igeukie kwa wateja. Pasaka baba mdogo anapanda tena, na amesema atasimama mwenyewe hapo dirishani.