Baba aliacha karatasi yenye shahidi mmoja: tuombe nini mahakamani?

Binti wa Umoja

Hamjambo nyote. Baba yetu alifariki mwezi Machi hapa Nairobi. Ameacha mama, sisi watoto wanne, ploti ya vyumba 12 vya kupangisha huko Kayole, akaunti ya benki, na akiba katika chama cha ushirika cha kazini kwake. Tulipokuwa tukipanga vitu vyake tulikuta karatasi aliyoiandika kwa mkono, yenye sahihi yake na ya jirani mmoja, ikisema kwamba ploti yote apewe kaka yetu mkubwa. Kaka ameishika karatasi hiyo kama wosia, na tangu Aprili ndiye anayezunguka milangoni na daftari la kodi kila tarehe tano, huku mama akimwomba pesa za dawa kama mpangaji anayeomba kuongezewa siku.

Kuna jambo jingine ambalo nyumbani halitajwi. Baba alikuwa na mtoto wa kiume kwa mama mwingine huko Machakos, na alimlipia karo hadi alipofariki. Sasa ana miaka 16. Barua ya chifu tuliyo nayo inataja mama na sisi wanne tu, kwa sababu hayo ndiyo majina ambayo kaka aliyapeleka. Je, tuombe karatasi hii ithibitishwe kama wosia, au tuanze kama familia ambayo marehemu wake hakuacha wosia? Na je, ni lazima kijana huyo aandikwe? Mimi nimeolewa, na kaka anasema hata mimi sina changu hapo.

Karani Mstaafu

Pole sana, dada, pamoja na mama. Nilifanya kazi katika masjala ya mahakama kwa muda mrefu, na karatasi kama hiyo nimeziona nyingi.

Hiyo si wosia. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinataka wosia wa maandishi uwe na mashahidi wasiopungua wawili, ambao ama walimwona mwenye wosia akitia sahihi, ama yeye mwenyewe aliwakiria kwamba sahihi ni yake. Jirani mmoja hatoshi, hata awe mzee wa kanisa. Kwa hiyo mtaomba hati ya usimamizi wa mirathi ya mtu aliyefariki bila wosia, na ingawa mahakama ina hiari yake, anayetangulizwa kwa kawaida ni mjane. Hata hivyo mama hataomba peke yake, kwa sababu palipo na mtoto aliye chini ya miaka 18, au haki ya mjane ya kufaidi mali maishani mwake, sheria inataka wasimamizi wasiopungua wawili, na wasizidi wanne.

Kuhusu mgao, mama anachukua vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali inayobaki anaifaidi maisha yake yote kabla ya kuwafikia watoto kwa usawa. Sheria haiulizi kama mtoto ni wa kike au wa kiume, wala kama ameolewa.

Sasa nije kwa kijana wa Machakos, maana hapa ndipo kesi nyingi huvunjika. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni mtoto wa marehemu kisheria ikiwa marehemu alimkubali kuwa wake au alijitwika malezi yake kwa hiari. Karo aliyolipa baba yenu ni ushahidi. Je, jina lake lilisomwa siku ya mazishi? Kitafuteni kile kijitabu cha ibada, kwa sababu nimeona hakimu akikifungua, akasoma orodha ya watoto, kisha akamwuliza mwombaji mbona hati yake ya kiapo ina mtoto mmoja pungufu. Na ikiwa mama wa kijana naye alikuwa mke kwa mila, elezeni mapema, kwa kuwa mali ya mwenye wake zaidi ya mmoja hugawanywa kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba, na kila mjane huongezwa katika hesabu ya nyumba yake.

Rudini kwa chifu mpate barua mpya. Ambatisheni cheti cha kifo, upekuzi rasmi wa ploti (karatasi ya ofisi ya ardhi inayoonyesha ploti ni ya nani), hati za kiapo, wadhamini, na ridhaa za wenye haki sawa na waombaji. Ikiwa mali yote haizidi shilingi milioni 20, Hakimu Mkuu anaweza kuisikiliza. Ikizidi, ni Mahakama Kuu, kitengo cha familia, pale Milimani.

Jirani wa Kahawa West

Naunga mkono, kwa kuwa yalitukuta. Kaka zangu walimwacha nje dada yetu mkubwa kwa sababu ameolewa mbali. Tangazo lilitoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za pingamizi zikapita kimya, hati ikatolewa, na miezi sita baadaye ikathibitishwa. Dada alijua siku mpangaji alipompigia simu kuuliza kodi ilipwe kwa nani. Aliomba hati ifutwe kwa kuwa ilipatikana kwa kuficha jambo la msingi, ikafutwa, nasi tukaanza upya, huku mtu aliyelipa arabuni ya shamba akija langoni kila Jumapili kudai pesa zake.

Mama Zawadi, Donholm

Mwanangu, usiiache habari ya kodi. Kabla ya hati kutolewa, hakuna aliye na ruhusa ya kutumia mali ya marehemu kama yake, na kifungu cha 45 kinalifanya kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mnaweza kuomba hati ya muda ya kukusanya na kuhifadhi mali, ili kodi iingie katika akaunti moja ambayo kila mtu anaiona. Kisha nendeni katika chama cha ushirika mkaulize baba alimwandika nani kuwa mteule wake, yaani mtu wa kupewa akiba yake akifariki, kwa sababu akiba yenye mteule hulipwa moja kwa moja bila kungoja kesi. Sisi tulingoja bure mwaka mzima.

Binti wa Umoja

Ahsanteni sana. Kijitabu nimekipata ndani ya Biblia ya mama, na jina la kijana liko ukurasa wa tatu, la mwisho katika orodha ya watoto. Mama yake amenitumia nakala ya cheti cha kuzaliwa, nacho kina jina la baba. Jumatatu mimi na mama tunarudi kwa chifu. Kaka hajibu simu, lakini mama amemtumia ujumbe kwamba daftari la kodi liwe limefika nyumbani kabla ya tarehe tano.